Mfungwa akinyamaza, nani atamuuliza?

Ndugu yangu, dada yangu wa Silibwet, chama unakijua. Mnakaa pamoja, mnachanga, mnajuliana hali. Asiyefika anatafutwa. Sasa jiulize: kijana wa hapa kwetu akifungwa Kericho kisha anyamaze, nani atamtafuta?

Depresheni haipigi kelele. Mtu anaacha kula, halali, hataki hata kuonana na mgeni. Wenzake wanasema ana kiburi. Huyo ni mgonjwa.

Na si lazima tungoje daktari bingwa. Mwaka 2002 kule Masaka na Rakai, Uganda, wanakijiji wenye depresheni waliwekwa kwenye vikundi, wakakutana kila wiki kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa wiki mbili tu. Mwanzoni 86% walikuwa wagonjwa, mwishoni 6.5%. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, zaidi ya nusu walibaki wagonjwa. Waliongea kuhusu kufiwa, ugomvi na mabadiliko makubwa ya maisha. Sawa, hawakuwa wafungwa. Lakini niambie, ni lipi kati ya hayo halipo gerezani?

Kuna watakaosema, "Acha ateseke, si alikosa?" Hapana. Adhabu aliyopewa ni kunyimwa uhuru, sio kunyimwa afya. Kifungu cha 51 cha Katiba kinasema aliyefungwa anabaki na haki zake, isipokuwa zile zisizowezekana akiwa kizuizini. Kutibiwa kunawezekana. Na kumbuka, hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka sheria hiyo ni kinyume cha Katiba, Kenya ilikuwa inaweza kumfunga mtu kwa kujaribu kujiua. Yaani mgonjwa anafungwa kwa ugonjwa wake!

Shida ni kwamba magereza ni ya serikali kuu na hospitali nyingi ni za kaunti. Mfungwa anaanguka katikati.

Kwa hivyo tudai mambo matatu. Kaunti za Bomet na Kericho zitume wahudumu wa afya wakafunze viongozi wa vikundi gerezani. Vikundi vikutane kila wiki, na mahabusu wanaongoja kesi wasiachwe nje. Na yanayosemwa pale yabaki pale, askari asikae kusikiliza, manake bila hilo hakuna atakayefungua mdomo.

Wewe muulize MCA wako swali hili akija kuomba kura. Na kama una mtu ndani, nenda ukamwone. Usingoje atoke, huenda anangoja kuulizwa tu hali.