MGENI NJOO, NYUMBA IPONE

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huwa tunaitumia tukimwona mgeni amekuja na sukari mkononi. Mimi leo naipeleka mbali, hadi Beijing, mji mkuu wa Uchina, kwenye nyumba za kale ambazo baadhi yake zimegeuzwa hosteli za wasafiri wa mfuko mwepesi. Wapo wenzangu wanaosema eti kulala humo ni umaskini, na kwamba mtu akifika ng'ambo atafute hoteli ya ghorofa ishirini. Mimi nawapinga. Hosteli ya bei nafuu ndani ya nyumba ya kale si aibu, tena huisaidia nyumba isibomolewe. Lakini iko sharti moja, nalo nitalitaja.

Kwanza tuijue nyumba yenyewe. Wachina huiita siheyuan, yaani ua uliozungukwa pande zote nne. Majengo manne yasiyo na ghorofa yanautazama ua mmoja katikati. Lile la kaskazini hutazama kusini ili lipate jua, na humo ndimo walimokaa wazee. Wana na wake zao walikaa mashariki na magharibi. Jengo la kusini, lililoipa njia mgongo, lilikuwa la watumishi na wageni. Ukiingia langoni unakutana uso kwa uso na ukuta mfupi unaokuzuia kuona ndani. Wapo wanaosema unazuia pepo wabaya; bila shaka unawasitiri wenye nyumba pia. Uani hupandwa miti, na mmojawapo ni mkomamanga, kwa maana tunda lenye mbegu tele ni dua ya kupata watoto tele. Nyumba hizi zimepangana kwenye vichochoro viitwavyo hutong, ambavyo vilianza Wamongolia walipojenga mji wao mkuu hapo katika karne ya 13.

Je, nyumba hizi zina ugonjwa gani hata zihitaji kuponywa? Baada ya mwaka 1949 nyingi ziligawanywa. Ua uliokuwa wa ukoo mmoja ukawa wa familia nyingi, kila moja na chumba chake. Mwaka 1976 tetemeko kubwa la Tangshan lilipotikisa hadi Beijing, watu walijenga vibanda uani wakaishi humo kwa hofu. Vingi havikuondolewa, vikageuka majiko na stoo, na ua ukabaki ujia tu. Kisha likaja balaa la tingatinga. Katika miaka ya 1990, na kabla ya michezo ya Olimpiki ya 2008, vichochoro vingi vilibomolewa ili kupisha barabara na majumba marefu. Hata nyumba ya ua walimoishi Liang Sicheng na mkewe Lin Huiyin, wasomi waliojitolea maisha yao kuyachunguza na kuyatetea majengo ya kale ya Uchina, ilibomolewa mwaka 2012. Kama nyumba ya watetezi wenyewe haikupona, ya mchuuzi wa mboga ingeponea wapi?

Hapo ndipo ninapomwona mgeni kuwa tabibu. Nyumba isiyoingiza hata senti hukosa mtetezi. Ikiingiza hela kidogo kila usiku, mwenyewe atapata za kubadilisha vigae, kupaka rangi nguzo na kuondoa vibanda ili ua upumue. Hosteli hizi huweka vitanda vya ghorofa kama vya wenzetu wanaolala bweni, watu wanne, sita au hata zaidi katika chumba. Asubuhi wageni hukutana uani, kila mtu na kikombe chake, maana kila mlango unafungukia hapo. Hoteli ya ghorofa ishirini ina lifti, lakini haina ua wa kukukutanisha na mtu.

Najua mtaniuliza, "Na choo je?" Kweli, katika hosteli nyingine choo na bafu viko ng'ambo ya ua, na Januari baridi ya Beijing hushuka chini ya sifuri. Kuta nazo hazifichi siri. Anayekohoa upande wa mashariki husikika magharibi. Lakini hebu tuseme ukweli. Wengi wetu tunaotoka nyumbani kila asubuhi kuja shuleni tunakaa kwenye ploti: vyumba vimeuzunguka ua, mfereji ni mmoja, choo ni cha kushirikiana. Kwani sisi hatulali? Na majirani wa hosteli hizo, wenyeji hasa wa hutong, wengi bado hutumia choo cha umma kilichoko kichochoroni. Mgeni anayelalamika kwa usiku mbili tatu angekumbuka kwamba kuna bibi mzee jirani anayevaa koti usiku wa manane ili aende msalani, mwaka nenda mwaka rudi.

Sasa sharti langu. Methali haikusema mgeni njoo, mwenyeji ahame. Nyumba ikipona halafu waliokaa pale wakaondolewa ili kila mlango uwe duka la kahawa, tutakuwa tumeponya matofali tukawapoteza watu. Kichochoro cha Nanluoguxiang, chenye urefu wa mita 800 hivi, kilijaa watalii kupita kiasi hata mwaka 2016 kikaacha hadhi yake ya kivutio cha utalii na kusimamisha kupokea makundi ya watalii. Wageni walikuwa wamekuwa wengi kuliko hewa! Kwa hiyo naunga mkono hosteli ndogo, iliyo katikati ya majirani wanaoanika nguo na kucheza karata nje. Siungi mkono kichochoro kizima kugeuzwa soko la wapita njia.

Walimu wetu na wanafunzi wenzangu, kila mwaka vijana wa Kenya hupata nafasi za kusoma Uchina, na huenda mmoja wetu akawa miongoni mwao. Ukifika Beijing na hela zako za kuhesabu, usione haya kuitafuta nyumba ya ua. Lipa kitanda chako, punguza sauti saa tatu ikigonga, na umwamkie mzee aliyeketi kichochoroni hata kama Kichina chako ni neno moja tu. Na langoni, inua mguu uvuke kizingiti. Usikikanyage, wenyewe huona ni utovu wa adabu.