Mgongo wa kijana usipigwe eksirei pasipo sababu

Katika kila vijana 100, wawili au watatu hupata mgongo uliopinda upande wakati wa kubalehe, mwili unaporefuka kwa kasi. Kwa wengi wao chanzo hakijulikani. Si begi zito la shule wala ukaaji mbaya, na mzazi hana sababu ya kujilaumu. Mpindo mdogo huwapata wavulana na wasichana karibu sawa, ila ule unaozidi kuongezeka huwaandama zaidi wasichana.

Kijana wa aina hii hufuatiliwa mpaka aache kurefuka. Kipimo kinachotumika hadi leo kilielezwa mwaka 1948 na John Cobb, daktari wa mifupa wa New York: pembe inachorwa juu ya picha ya eksirei. Ikifika nyuzi 10, ni ugonjwa. Ikifika nyuzi 25 na mtoto bado anakua, huvishwa kiunzi kigumu cha plastiki kiwiliwilini. Ikipita nyuzi 45 au 50, upasuaji hufikiriwa. Kwa kuwa mpindo waweza kubadilika ndani ya miezi michache, picha hurudiwa tena na tena kwa miaka.

Marudio hayo yana gharama yake. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanawake zaidi ya 5,000 waliogunduliwa kuwa na tatizo la mgongo wakiwa wadogo, kati ya 1912 na 1965. Kwa wastani kila mmoja alikuwa amepigwa eksirei karibu 25. Vifo vya saratani ya matiti kwao vilizidi vya wanawake wengine kwa karibu asilimia 70. Mashine za sasa hutoa mionzi michache kuliko zile za zamani, lakini haba na haba hujaza kibaba, na msichana anayeota matiti ndiye wa kulindwa kwanza.

Ndiyo maana tunaunga mkono altrasaundi. Huko Hong Kong, Profesa Zheng Yongping na wenzake wa Chuo Kikuu cha Polytechnic wametengeneza mashine ya kazi hii. Kijana husimama wima, mtaalamu akapitisha kifaa mgongoni kutoka kiunoni kwenda juu. Mawimbi ya sauti hugonga mfupa na kurudi, na kompyuta inayojua kifaa kiko wapi kila sekunde huunganisha vipande kuwa picha ya mgongo mzima. Kivuli cha miiba ya pingili huonekana kama mstari mweusi. Mstari ukipinda, pembe yake hupimwa. Hakuna mionzi hata chembe, hivyo kipimo chaweza kurudiwa bila hofu.

Hatusemi eksirei itupwe. Altrasaundi mara nyingi huonyesha pembe ndogo kidogo kuliko eksirei, kwa hiyo daktari asilinganishe namba ya kipimo kimoja na ya kingine. Mpindo mkubwa sana au mwili mnene huharibu picha. Anayeandaliwa kwa upasuaji lazima apigwe eksirei. Wala mashine ya kawaida ya kupimia wajawazito haitoshi. Kazi hii inahitaji kihisi cha kufuatilia mwendo wa kifaa, pamoja na programu yake.

Msimamo wetu ni huu: eksirei ipigwe pale tu jibu lake linapoweza kubadilisha matibabu, na ufuatiliaji wa katikati ufanywe kwa altrasaundi mahali ilipo. Mahali isipokuwepo, na katika hospitali zetu nyingi haipo, lipo jambo lisilohitaji bajeti: kijana apigwe picha huku mionzi ikiingilia mgongoni, isiingilie kifuani. Mkao huo peke yake hupunguza sana mionzi inayofika kwenye matiti. Wakuu wa idara za eksirei waufanye kuwa kanuni.

Na kabla ya mashine yoyote, mgongo utazamwe. Tangu karne ya 19 madaktari wamemwambia mtoto ainame mbele, miguu pamoja na mikono ikining'inia; upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko mwingine, apelekwe hospitali. Kuwahi kuna faida iliyothibitishwa. Katika utafiti wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 2013, asilimia 72 ya waliovaa kiunzi walimaliza kukua kabla mpindo haujafika kiwango cha upasuaji, dhidi ya asilimia 48 ya waliotazamwa tu.

Mzazi, mwinamishe mwanao umtazame mgongo. Akipelekwa eksirei kwa mara ya pili au ya tatu, muulize daktari swali moja: picha hii itabadilisha nini katika matibabu yake? Una haki ya kujibiwa.