Je, Nyota ni Mali ya Wageni?

Ipo kauli ambayo hurudiwa katika kumbi za vyuo kana kwamba imekwisha kuthibitika: kuwa hadithi za anga na sayansi ni anasa ya mataifa tajiri, na kuwa mapenzi ya watazamaji kwa hadithi hizo ni upuuzi usiostahili kalamu ya mwanachuoni. Wenye kauli hii hupenda kuuliza, mtoto wa mkulima wa pamba wa Bariadi ana nini na merikebu iendayo kwenye nyota? Swali hili hutolewa kama jibu. Yafaa lijibiwe kama swali.

Kwanza, na itazamwe tamthilia iliyo mashuhuri kupita nyingi za jinsi hiyo. Star Trek ilianza kuonyeshwa katika televisheni za Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Miongoni mwa maofisa wa chombo chake alikuwamo mwanamke Mweusi, Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Kwa masimulizi ya Nichols mwenyewe, jina hilo lilitokana na neno uhuru, lililokuwa jina la riwaya aliyoishika mkononi siku alipojaribiwa. Herufi ya mwisho ikabadilishwa ili lilainike. Jioni ile ya kwanza Kiswahili kilisemwa angani: kiumbe mwenye kugeuza sura, aliyekuwa na njaa ya chumvi, alimjia Uhura kwa umbo la mwanamume Mweusi akamsemesha kwa lugha hii. Mwaka 1967, katika kisa kingine, Uhura alifutwa maarifa yake yote. Na alipokuwa akifundishwa upya kusoma Kiingereza, akakwama, Kiswahili ndicho kilichomtoka kinywani. Basi lugha hii haikuja baadaye kubisha hodi katika hadithi za anga. Ilikuwamo ndani tangu mlango ulipofunguliwa.

Pili, ushabiki wenyewe. Wenye kuudharau hudhani kuwa shabiki ni mtu wa kukaa na kukodoa macho. Walakini mashabiki hao waliandika barua kwa maelfu kuzuia tamthilia isikomeshwe, ikapata msimu wa tatu. Na ilipokoma mwaka 1969 hawakutawanyika. Mwaka 1976 barua zao zilifanya chombo cha majaribio cha NASA, cha kwanza katika aina ya vyombo vya kwenda na kurudi, kiitwe Enterprise, jina la merikebu ya hadithi. Mwaka uliofuata Nichols alianza kuisaidia NASA kuwaita wanawake na watu wa jamii zilizobaguliwa wajitokeze kuwa wanaanga. Mae Jemison, aliyeipenda tamthilia hiyo tangu utotoni, akawa mwaka 1992 mwanamke Mweusi wa kwanza kufika anga za juu. Ni utenzi gani ungetenda zaidi ya hayo, ukaitwa upuuzi?

Tatu, ushabiki si jambo geni Simiyu. Mkoa huu uliundwa mwaka 2012, lakini Wasukuma, walio wengi katika wakazi wake, ni warithi wa ushabiki mkongwe. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo masimulizi huvinasibisha na mahasimu Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi upande wake. Huko shabiki ndiye hakimu. Kadhalika, aliyelelewa kwa ngano ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na ng'ombe hata Masala Kulangwa akalipasua wakatoka, hawezi kushangazwa na kiumbe mla chumvi.

Lawama, basi, haimwangukii mtoto wa Bariadi. Shule ya msingi ya serikali humfundisha sayansi kwa Kiswahili. Sekondari humgeuzia ulimi, ikamfundisha kwa Kiingereza. Katama Mkangi, katika riwaya ya Walenisi ya mwaka 1995, alikwisha kumpeleka shujaa wa Kiswahili katika ulimwengu mwingine kwa chombo cha anga. Njia ikawa wazi, walioifuata wakawa wachache. Fasihi nayo ikimnyima mtoto huyo hadithi ya anga, atahitimu akiamini kuwa kesho husemwa kwa lugha ya watu wengine.

Watakuwapo watakaosema kwamba penye uhaba wa mvua nyota si haja. Hao wamesahau kuwa lipo kundi la nyota liitwalo Kilimia, kutokana na kulima. Waliolipa jina hilo hawakutazama juu kwa uvivu. Walitafuta majira ya kushika jembe.

Hapana lazima mtoto wa Bariadi aipende merikebu ya Kimarekani. Anayo haki, hata hivyo, ya kuandikiwa merikebu yake, na ya kuishangilia kama babu zake walivyoshangilia ngoma. Wanachuo wa Kiswahili wachague: waishike kalamu, ama waendelee kulinda mlango ambao lugha yao ilikwisha kuupita zamani.