Suruali ya Baridi



Hapa Usinge hatuna theluji. Hata hivyo alfajiri za Juni na Julai hutuuma. Lakini kijana wetu aendaye kusoma Njombe au Makete hukuta baridi ya namna nyingine, ambayo huweza kugandisha umande majanini. Atetemekaye usiku kucha hasomi vyema, na adhana ya Alfajiri humkuta kajikunyata.

Basi mzazi aendaye mnadani kumnunulia suruali ya mtumba asidanganywe na rangi wala jina lililoshonwa kiunoni. Aigeuze ndani nje, atazame bitana. Joto halizaliwi na nguo. Hutoka mwilini, na kazi ya nguo ni kuishika hewa iliyokwisha pata joto. Kwa hiyo bitana ya sufu ni bora, na flaneli yafaa maadamu ni kavu. Pamba ikilowa haimfai mtu, hali sufu yenye unyevu bado husaidia kidogo.

Kisha kijana aivae, ainame kama anayerukuu, achuchumae. Ikimbana aiache, kwani huiminya hewa ile, na sala itamtaabisha. Iliyolegea kidogo huruhusu nyingine nyepesi chini yake. Nyumbani ifuliwe na kuanikwa juani kabla ya kuvaliwa.

Twajua kwamba fedha hiyo ni fedha ya mahindi. Ndiyo maana twasema: inunuliwe moja ya kufaa, si mbili za kupendeza. Na aliyejaaliwa mbili, amkumbuke mtoto wa jirani.