Kwa Waziri wa Mambo ya Nje: Tumalizie Tulichotia Sahihi Oslo

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Siakago, Kaunti ya Embu. Tarehe 3 Desemba 2008 Kenya ilitia sahihi, kule Oslo, mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya mtawanyiko, yale yanayofunguka angani na kumwaga vibomu vidogo vidogo. Vingine havilipuki siku hiyo. Hubaki nyasini miaka mingi. Mkataba huo hatujauridhia hadi leo.

Huku kwetu Mbeere hakuna mabomu, lakini kuna watoto wanaochunga mbuzi, na mtoto akiona chuma porini haachi: ataokota, akauze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Watoto wa Archers Post, ukishapita Meru na Isiolo, ni hao hao. Huko na Dol Dol, silaha zilizosalia katika viwanja vilivyotumiwa na jeshi la Uingereza kwa mazoezi ziliua na kulemaza wafugaji kwa miongo, mpaka Julai 2002 Uingereza ikakubali kuwalipa Wasamburu na Wamaasai 228 pauni milioni 4.5. Kwa waliozikwa, malipo hayo yalichelewa mno.

Tena hatuanzi leo. Mkataba wa Ottawa wa mabomu ya kutegwa ardhini tuliuridhia mwaka 2001, na mwaka 2003 jeshi letu likateketeza mabomu zaidi ya 35,000. Mwaka uliofuata dunia ilikuja Nairobi kuupima mkataba huo. Mimi bado naona fahari kwa hilo.

Sasa Burundi, Rwanda, Somalia na Sudan Kusini zimeshajiunga na mkataba wa Oslo. Kenya, iliyokwisha kutamka kwamba haina silaha hizi, imebaki nje pamoja na Uganda na Tanzania. Na wakati ni mbaya: Lithuania ilijitoa Machi 2025, na mataifa kadhaa ya Ulaya yakaamua kuuacha hata ule wa Ottawa. Wanaoogopa vita wanarudia silaha ambazo huua baada ya vita kwisha. Sauti ya nchi yenye majeruhi wake yenyewe inahitajika sana sasa.

Sheria ya mikataba ya 2012 imekupa wewe hatua ya kwanza. Ufikishe mkataba huu kwa Baraza la Mawaziri, kisha Bunge la Taifa, na wananchi waitwe kutoa maoni. Sisi wa Siakago tutakuja.

Wako,
Mzazi wa Siakago