Kisichoonekana Si Kwamba Hakipo

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya mwanga ambao mtaalamu wa maabara huutumia kuona kilichojificha ndani ya mwili.

Tunamkumbuka mama mmoja hapa Pemba aliyekuja na kikohozi cha wiki tatu. Tulimpa kikopo, naye akarudisha mate matupu, kwa sababu sisi tulikuwa na haraka na hatukumweleza vizuri. Majibu yakasema hakuna kilichoonekana. Baada ya miezi miwili alirudi amekonda, na mtoto aliyembeba mgongoni naye anakohoa. Akatuuliza, "Nesi, si mliniambia sina kitu?" Tulimjibu kwa aibu, "Hatukukiona, mama. Kumbe kilikuwapo."

Je, hadubini ilikosea? La. Tuitazame kazi yake.

Mayai ya kichocho, ugonjwa tunaoufahamu sana kisiwani kwetu, ni makubwa kiasi. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Chake Chake mwaka 2000, imefanya kazi nyingi juu ya kichocho na minyoo, na mayai hayo huonekana kwenye mkojo kwa hadubini ya kawaida. Bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alimtangaza tarehe 24 Machi 1882, ni mdogo kuliko yai hilo mara 30 na zaidi. Ili aonekane, kila mililita ya makohozi huhitaji kuwa na bakteria kama 5,000 hadi 10,000. Mate ya mdomoni hayafikishi idadi hiyo.

Kwa ajili hiyo hutumika rangi iitwayo auramini. Rangi hii hung'ang'ania kwenye bakteria, hupokea mwanga wa buluu na kuurudisha ukiwa na rangi ya kijani na manjano. Tabia hii ya kupokea mwanga wa rangi moja na kutoa wa rangi nyingine huitwa fluoresensi. Bakteria huonekana kama vimulimuli gizani, na mpimaji hukagua sehemu kubwa kwa muda mfupi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri hadubini za namna hii zenye taa za LED. Hata mashine ya GeneXpert husoma mwanga wa aina hiyo hiyo.

Hata hivyo, rangi hizi zina udhaifu. Zikimulikwa muda mrefu hufifia, na nyingi zikibanana hupoteza mng'ao. Ndiyo maana wanasayansi hawajaacha kutafuta mwanga ulio bora zaidi wa kutazama seli, yaani vile vyumba vidogo vinavyojenga miili yetu. Mojawapo ya njia wanazozijaribu ni fuwele zenye matundu madogo mno. Mwaka 2025 Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa fuwele za namna hiyo zenye metali ndani yake. Kundi la Yaghi lilikuwa limetengeneza pia, mwaka 2005, fuwele zisizo na metali. Kwa kuwa zina matundu, fuwele hizi zinaweza kubeba dawa, na zikiwa zinang'aa mtaalamu ataona dawa imefika wapi ndani ya seli.

Taabu ni kwamba nyingi hazing'ai vya kutosha. Sisi wa Pemba tutaelewa upesi. Karafuu mbichi zikirundikwa huvunda. Zikitandazwa kwenye jamvi hukauka vizuri. Vivyo hivyo, tabaka za fuwele zikilaliana sana, nguvu ya mwanga hupotea na kuwa joto. Kwa hiyo wataalamu huweka vizuizi vya kuzitenganisha tabaka. Pia kuna vipande vinavyotikisika ndani ya fuwele, navyo hupoteza mwanga kama mtoto anavyomwaga uji akikimbia na bakuli. Hivi hufungwa vitulie. Mwaka 2001 kundi la Ben Zhong Tang huko Hong Kong lilieleza juu ya molekuli ambazo hung'aa zaidi zikikusanyika na kutulia, na ujuzi huo sasa hutumika katika fuwele hizi.

Kazi hii bado imo katika maabara za utafiti. Lakini hata taa iwe bora namna gani, haitaonyesha kisichokuwamo kikoponi. Kwa hiyo, akina mama, tuzingatie haya:

1. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda kituo cha afya. Usingoje utoke damu.

2. Asubuhi, kabla ya kula, sukutua kwa maji. Toka nje penye hewa, mbali na watoto. Vuta pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha kohoa kutoka ndani ya kifua.

3. Ukiambiwa hakuna kilichoonekana, lakini kikohozi, homa, jasho la usiku au kukonda kunaendelea, rudi. Uliza juu ya kipimo kingine.

4. Mtoto mdogo humeza makohozi. Mpeleke hata hivyo, kwani siku hizi choo chake kinaweza kupimwa kwa GeneXpert.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na kwa kawaida humezwa miezi sita bila kuacha. Yule mama na mwanawe walizimaliza, wakapona. Nasi tangu siku ile hatumpi mtu kikopo tukageuka. Tunatoka naye nje, tunakohoa kwanza sisi wenyewe ili aone, ndipo naye anajaribu.

Mweleze na jirani yako, awe wa kanisani au wa msikitini, kwani kikohozi hakibagui. Hadi mwezi ujao, tunawatakia afya njema.