Hesabu Ifunuliwe Kabla ya Kupitishwa



Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la vyama vingi limo katika kompyuta, nalo laitwa lahajedwali. Wengi hulijua kwa jina la programu yake, Excel. Ni chombo kizuri, chajumlisha upesi wala hakichoki. Lakini kina tabia moja ambayo daftari la wino halikuwa nayo. Ukurasa wa daftari ukichanwa, kishina chake hubaki. Katika lahajedwali mtu aweza kuficha mstari mzima, au safu nzima, na karatasi ikabaki safi kana kwamba hapakuwa na kitu. Rai yetu ni kwamba hesabu yo yote ya chama isipitishwe na mkutano, wala isitumwe kwa mtu, kabla ya kufunuliwa yote.

Tuseme mkulima wa Bweni amepeleka kilo 120 za karafuu kavu, na bei iwe shilingi 10,000 kwa kilo. Thamani yake ni shilingi 1,200,000. Karatasi aliyoletewa ina safu tatu tu, yaani uzito, thamani na malipo; na malipo yameandikwa 1,092,000. Zile 108,000 zi wapi? Huenda zimo katika safu zilizofichwa: usafiri 48,000, ushuru 36,000, na deni la magunia na majamvi 24,000. Huenda kila kato ni la haki. Lakini mtu hawezi kuuliza juu ya asichokiona, na Bweni si jirani ya Kilindoni hata aje kila siku kutazama vitabu. Tena kompyuta haikisahau kilichofichwa. Jumla ya kawaida huhesabu mistari isiyoonekana pamoja na ile ionekanayo. Mwanachama aweza kujumlisha kwa kalamu yake, akapata jawabu jingine, akadhani yeye ndiye aliyekosea.

Iko na hatari ya upande wa pili. Kuficha si kufuta, wala si kufunga kwa ufunguo. Mwezi wa Septemba 2008, benki ya Barclays ilipokuwa ikinunua mali za Lehman Brothers iliyofilisika huko Marekani, orodha ya mikataba iliwekwa katika lahajedwali. Mikataba 179 ambayo haikutakiwa ilikuwa imefichwa tu. Orodha ilipogeuzwa kuwa PDF ili ipelekwe mahakamani, mistari ile ikajitokeza tena, ikahesabiwa pamoja na mali zinazonunuliwa. Mawakili wakalazimika kurudi mahakamani kuomba iondolewe. Na mwezi wa Agosti 2023, polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la habari kwa kutoa lahajedwali, kumbe ndani yake mlikuwa na karatasi iliyofichwa yenye majina ya watumishi wao 9,483. Mwaka 2024 polisi hao walitozwa faini ya pauni 750,000.

Hapana chama cha wakulima kisichokuwa na majina, namba za simu na madeni ya watu wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yataka habari hizo zilindwe. Kwa hiyo lisilopasa kutoka lifutwe katika nakala inayotumwa, lisifichwe.

Kufunua si kazi ngumu. Tazameni herufi zilizo juu ya safu: zikiruka kutoka C hadi G, basi D, E na F zimefichwa. Kadhalika namba za mistari kando. Bonyeza ile pembe ya juu kushoto, zinapokutana herufi na namba, ili karatasi yote ishikwe. Kisha bonyeza herufi yo yote kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague neno 'Unhide'. Fanya vivyo hivyo kwenye namba za mistari. Namba zikiwa za buluu, mistari imechujwa, na kichujio ndicho cha kuondolewa. Bonyeza pia majina ya karatasi yaliyo chini, uone kama iko karatasi iliyofichwa. Neno likiwa limefifia, huenda kazi imefungwa kwa neno la siri. Basi aliyeifunga aifungue mbele ya wajumbe.

Watakuwapo watakaosema kwamba safu hufichwa ili hesabu ienee katika karatasi moja. Twakubali, mara nyingi ndivyo ilivyo, wala hatumtuhumu karani ye yote. Lakini karatasi ya pili ni gharama ndogo kuliko shaka ya wanachama. Shaka ikishaingia, mtu huanza kuuza karafuu zake usiku kwa mchuuzi, na chama hubaki na mizani mitupu.

Basi twapendekeza mambo matatu. Hesabu za mkutano zipigwe chapa pamoja na herufi za safu na namba za mistari, ili hata asiyegusa kompyuta aone palipoRukwa. Wajumbe wawili wafunue faili mbele ya katibu kabla ya kutia sahihi. Na kila kato liwe na safu yake, ionekane na jina lake. Karafuu twaianika juani mbele ya macho ya watu wote, na makonyo twayatenga kando yaonekane. Hesabu yake nayo ianikwe vivyo hivyo.